Sabuni ya Mashine, Tope la Mtoni

Mume wangu alinunua mashine ya kufulia kwa Mzungu mmoja wa bomani aliyekuwa anarudi kwao. Akaishusha kwenye lori, akaisimamisha uani. Laiti angeniletea mke mwenza, angalau ningepata wa kugombana naye.

Enzi hizo za Mwingereza umeme hatukuwa nao. Lilikuwa pipa la bati lenye mpini wa kuzungusha kwa mkono, na juu yake magogo mawili ya mpira ya kukamulia nguo. "Mke wangu hatainama tena mtoni," akasema, anatabasamu mpaka gego la mwisho linaonekana. Nikasema ahsante. Mwongo mkubwa nilikuwa.

Mimi ni mtoto wa ziwani, kwenye joto. Niliolewa huku juu Sumbawanga, kwenye upepo unaopenya hadi mifupani, na mume mwenyewe ndiye huyo, wiki mbili yuko njia ya Mbeya na lori, siku tatu yuko nyumbani amelala. Majirani walizungumza Kifipa. Mtoni tu ndiko nilikokuwa na watu. Wanawake walinicheka nikikosea Kifipa chao, wakaniazima sabuni, wakaniuliza kwa nini sijashika mimba, nikakasirika, kesho yake nikarudi tena. Sasa nikanyang'anywa hata hilo, kwa heshima.

Basi nikabaki na pipa langu. Sabuni ya kulitia sikuijua, na wa kumwuliza hakuwepo. Kwanza nilikatakata mche mzima wa sabuni kwa kisu, nikautia wote, nikazungusha. Loo! Povu lilifurika, likashuka uani, likawafukuza kuku. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika mbavu, kisha nikageuka nione nani mwingine anacheka. Hakuna mtu. Kicheko kikakatika palepale.

Shemeji yangu, aliyekuwa akiuza dukani, akaniletea sabuni ya unga ya boksi. "Hii ndiyo ya mashine, shemeji," akasema. Kwenye maji yetu ya baridi haikuyeyuka, ikaacha chembe nyeupe kwenye mikunjo ya kanzu. Nikarudia mche, safari hii robo tu, nikauyeyusha kwanza jikoni kwenye sufuria. Hapo nguo zikatakata. Lakini zikikauka kwenye ule upepo zilikuwa ngumu, ungeweza kuzisimamisha ukutani. Shemeji akasema tia siki kwenye maji ya mwisho. Nikatia, tukalala ndani ya achari. Mwisho nikajaribu ndimu zilizoletwa kutoka kwetu. Shuka likanukia uani kwa mama yangu, nikakaa chini nikalia nalo.

Na bado halikuwa laini kama yale ya mtoni. Kule tulikamua wawili wawili, huyu anashika ncha hii, yule ile, mnasokota, mnavutana, mnatukanana kidogo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wala hakikamui shuka, mimi nawaambia.

Nilivumilia miezi miwili. Kisha siku moja, mume akiwa safarini, nilichukua mashuka mawili yaliyokwisha kufuliwa, nikayaviringisha kwenye beseni ili yaonekane machafu, nikaenda mtoni. Njia nzima nilijiuliza. Je, wakinifukuza?

"Mama Mashine!" wakapiga kelele. "Umepotea njia?"

"Shikamooni," nikasema, kwa kuwa wengine walikuwa wakubwa kwangu. Wakaitikia, wakarudi kwenye kazi zao. Hakuna aliyesogea kunipa nafasi kwenye jiwe la kufulia. Nikachutama pembeni, nikapaka sabuni, nikafikicha kwa nguvu zote. Povu likatoka jeupe pepepe. Maji yakapita safi kama yalivyokuja.

Mama mmoja mwenye mwanya, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akikamua nami, akaacha nguo zake. Alisimama juu yangu, akatazama maji, akatazama shuka, akanitazama mimi.

"Mwanangu, shuka hili lina uchafu gani?"

Nilitafuta uongo, na uongo nao ukanikimbia. "Halina, mama," nikasema. "Nimewakumbuka tu."

Nikajua nimeaibika, nikaanza kuokota beseni langu. Yeye akainama ukingoni, akachota tope jeusi kwa mikono miwili, akalibandika paa! katikati ya shuka langu, akalisugua mpaka likaingia.

"Haya. Sasa lina," akasema.

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasogea kwenye jiwe, akapigapiga pale mahali pa kukaa. Nilifua lile tope huku machozi yananitoka, wala sikujisumbua kuyafuta. Lilipotakata, yule mama akaokota ncha moja ya shuka.

"Acha kulia," akaniambia. "Shika upande wako."