Mgongo wa Kijiko

Nakumbuka asubuhi moja pale Githongo, mwanangu, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, nilipong'arisha kijiko hadi nikamtia baba yangu matatani.

Baba alikuwa mhunzi. Mpishi wa hoteli ya wazungu mjini Meru alimpa vijiko vya fedha vilivyovunjika, kwa ruhusa ya bwana wake, naye akavigeuza kuwa vya mapambo: mpini aliusokota, ncha akaigonga ikawa jani la kahawa. Kwetu mwanamke hakukanyaga penye moto wa mhunzi, kwa hivyo niliketi nje nikisugua kwa jivu na mchanga laini. Alinikanya jambo moja tu, nisiguse mgongo wa mpini, penye herufi za hoteli. Lakini nilikuwa msichana, napenda vitu vipendeze. Herufi zile niliziona kama kovu usoni pa mrembo. Nikasugua mpaka zikaisha.

Nilikuwa nimefuta kimoja tu, homugadi, wale askari wa kijiji wa serikali ya mkoloni, wakaingia. Mzungu mmoja alikuwa ameibiwa vyombo vya fedha, na siku zile kila mhunzi alishukiwa kuwaundia watu wa msituni bunduki. Mkubwa wao, jirani yetu wa siku nyingi, aligeuza kijiko baada ya kijiko, akasoma herufi, akatupa. Nilijua changu kinakuja. Alipokishika akauliza herufi ziko wapi.

Nikamwambia nimezifuta mimi. Akacheka, akanipa kingine nikifute aone. Nikachota jivu, nikasugua. Herufi zikaanza kufifia, nami, mjinga wa watu, nikafurahi.

"Acha, mama," Baba akaniambia. "Ukimaliza hicho, vitakuwa viwili visivyo na herufi."

Niliacha. Wakamchukua yeye na vijiko vyote, isipokuwa hicho nilichokifuta nusu, kilichobaki mapajani mwangu. Siku zilizofuata sikula. Kila buti lililopita njiani nilidhani linaleta habari ya kifo. Mama aliomba pasi ya kusafiri, ikakataliwa, akaomba tena, hata akafika hotelini na kijiko kile. Yule bwana wa hoteli alikisogeza kijiko dirishani, akazitambua herufi zake zilizofifia, akaandika barua kwamba vijiko ni halali yetu.

Baba alirudi na vijiko vyake, lakini sikio moja halikusikia tena. Hakunigombeza. Alinitafutia kile kilaini kisicho na herufi, akakiweka mkononi mwangu.

"Kula nacho wewe," akasema. "Siwezi kuuza kitu nisichoweza kukisemea."

Ndicho hiki ninachonywea uji.

Mwanangu, najua unaona haya kutaja kwenu mbele ya wenzako wa mjini. Jipambe utakavyo, lakini pale palipoandikwa ulikotoka usipasugue. Hujui ni nani atakuja kukugeuza aangalie mgongo wako.

Mungu akutangulie. Na siku utakapoulizwa, usikose la kuonyesha.