Bingwa wa Lango la Shaba

Juzi nilishuka mjini kuchukua miwani, na fundi wa macho akaniambia haijawa tayari, nirudi mchana. Sikuwa na pa kwenda. Nikazunguka tu, kama anavyozunguka mtu wa umri wangu katika mji uliomponyoka, mpaka nikajikuta kwenye ile barabara ya nyuma ya soko. Jengo bado lipo. Hata lile paa lililotokeza juu ya njia ya miguu, ambapo watu walikuwa wakijikinga mvua wakingoja milango ifunguliwe, lipo vilevile. Chini yake wamepanga vibanda vya simu. Msichana mmoja akaniuliza kama nataka kava. Nikamwambia kwamba hapa palikuwa sinema. Akanitazama kwa heshima kama anayemtazama bibi yake, akasema, "Sawa, shosho," akamgeukia mteja mwingine.

Basi acha nikusimulie wewe, maana nadhani na wewe una sinema yako mahali, iliyogeuzwa kitu kingine.

Mama yangu alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa darasa la nne. Baba alinitoa kwetu Umaragoli akanileta Nairobi, lakini hakunileta kwake. Yeye alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Wahindi huko Parklands, na mwenye nyumba hakutaka watoto uani. Baba hakuwa mtu wa kubishana. Akaniacha Uthiru kwa dada yake, shangazi yangu, aliyekuwa amepanga chumba kimoja cha mabati na kuuza mboga kando ya barabara. Baba alikuja Jumapili alasiri, mara moja kila baada ya majuma mawili, akinukia bizari hata akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alinywa chai, akaniuliza habari za shule, akatazama jua, akaondoka.

Uthiru ya siku hizo ilikuwa mashamba. Mahindi, viazi, ng'ombe wamefungwa kamba chini ya miti, na Julai ukungu mzito kiasi kwamba ulisikia mtu akikohoa kabla ya kumwona. Shangazi aliondoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Mimi nikitoka shule niliteka maji kwenye mfereji, nikawasha jiko nje, nikachambua mboga za mrenda, kisha nikakaa kizingitini. Watoto wa jirani walicheza kwa Kikuyu, walicheka kwa Kikuyu, na mimi sikujua Kikuyu. Kiswahili changu kilikuwa cha vitabu vya shule, nao walikiona kichekesho. Nilikuwa mrefu kuliko wote, mrefu wa kuaibisha, na gauni langu la shule lilikuwa limeongezwa pindo kwa kitambaa cha rangi nyingine. Waliniita Mgeni. Shangazi alizoea kusema mgeni hachagui kiti. Lakini mimi sikuwa nimepewa kiti chochote.

Ndipo zikaja zile picha za sinema za karate. Utakumbuka jinsi zilivyouvamia mji. Hata wauza magazeti walikuwa wakirusha mateke. Zilizotushika sisi zilikuwa nne zinazofuatana, na sote tuliziita Lango la Shaba. Nasema sisi, lakini aliyekuwa ameziona ni mmoja tu, mtoto wa fundi wa baiskeli, ambaye mjomba wake alimpeleka mjini. Alirudi na kila picha kichwani mwake akatugawia, mimi nikisikiliza kwa mbali na kudaka neno moja moja, kwa kuwa neno stelingi ni stelingi katika lugha zote.

Stelingi, yaani shujaa wa picha, alikuwa kijana mwembamba aliyetafuta kisasi. Lakini aliyetisha alikuwa Bingwa. Bingwa alikuwa mtu wa tajiri mmoja mwenye jumba kubwa, na kazi yake ilikuwa kusimama kwenye lango la shaba na kupigana na kila aliyethubutu kuja. Alikuwa jitu, na hakuzungumza. Alipigana kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliuweka mgongoni, kama mwalimu anayekagua mstari. Picha ya kwanza alimvunja mwalimu wa stelingi. Ya pili aliwaangusha ndugu watatu waliomvamia pamoja, mkono ungali mgongoni. Ya tatu, stelingi mwenyewe alibebwa kwa machela. Wapo waliosema kwamba siku Bingwa atakapoutoa mkono ule, aliye mbele yake ajue amekwisha. Katika picha ya nne aliutoa, na ndiyo siku aliyokufa.

Kila mvulana alitaka kuwa stelingi, na aliyekosa alitaka kuwa rafiki wa stelingi. Hakuna aliyetaka kuwa Bingwa, kwa sababu Bingwa mwishowe huanguka. Jioni moja mtoto wa fundi alikuja mpaka kizingitini kwetu, akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe ni mrefu. Kuja usimame pale kwa lango. Usiseme kitu."

Lango lilikuwa mikaratusi miwili, nyuma ya karakana ya baba yake. Nikasimama katikati, mkono wa kushoto mgongoni, nyuso zote zikinielekea. Sijui kama nitaweza kukueleza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa sijatazamwa na mtu, sasa walikuwa wakinitazama kwa woga. Na kwa kuwa Bingwa hakuzungumza, hakuna aliyenicheka lugha. Nilijifunza kutembea kwa uzito. Nilijifunza kugeuza kichwa polepole. Walinijia mmoja mmoja, wakaanguka kwa makelele wakijibingirisha kwenye nyasi, nami nikabaki wima, mikaratusi ikinukia na nyundo ya fundi ikigonga rimu upande wa pili wa ukuta. Mwisho alikuja mtoto wa fundi, nikautoa mkono, nikaanguka. Kila jioni nilianguka. Nilifanya vizuri pia, chali, macho wazi. Kisha wenyewe walikimbia nyumbani wakiitana, nami nikajikung'uta nyasi peke yangu. Hata hivyo nililala nikiwa na furaha.

Halafu ikaja Jumapili ambayo baba hakutokea. Baadaye tuliambiwa kulikuwa na harusi katika ile nyumba, na mpishi hawezi kuondoka siku ya harusi. Lakini sikuyajua hayo. Nilikaa kando ya barabara na gauni langu jema mpaka ng'ombe wakarudishwa, na shangazi akaja akanishika mkono, tukarudi ndani.

Kesho yake nilisimama langoni kama kawaida. Walikuja, wakaanguka. Mtoto wa fundi alikuja, nikautoa mkono, akanigusa kifua kwa teke lake la mwisho. Sikuanguka.

"Anguka," akaninong'oneza.

Nikatikisa kichwa. Akanisukuma. Nilikuwa na nguvu za kubeba maji kila siku. Nikamshika ukosi na mkanda wa kaptula, nikamlaza chini taratibu, kama mtu anayeshusha gunia. Hakuumia. Lakini wadogo wakacheka, na hakuna stelingi anayeweza kuchekwa. Aliinuka akisema kwamba picha imekwisha, Bingwa ameshakufa na maiti haiji kucheza. Siku iliyofuata walimsimamisha mtoto mwingine juu ya debe, kati ya miti ile ile.

Sitakuchosha na majuma yaliyofuata. Niliteka maji. Niliwasha jiko. Nilizisikia sauti zao kutoka kizingitini na niliweza kujua, kwa kelele tu, mchezo umefika wapi. Shangazi alipika dagaa wa omena, chakula nilichokipenda kuliko vyote, nikalisukuma bakuli. Baba alipokuja Jumapili yake, shangazi alimwita nje wakazungumza kwa muda mrefu. Baba aliporudi ndani aliniuliza hiyo picha ninayoisikia kila siku inaonyeshwa wapi. Nikamwambia. Akasema, "Nikija tena, utakuwa umevaa mapema."

Baba hakuwa ameingia sinema hata siku moja maishani mwake. Katika ukumbi alivua kofia kama aliyeingia kanisani, na alipoona wengine hawakuvua akaiweka juu ya goti, akaishikilia. Tulikaa mbele kabisa, shingo zimekunjwa, moshi wa sigara ukielea kwenye mwanga juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa ile ya nne. Bingwa alipotokea mara ya kwanza, akitembea polepole kuelekea lango, ukumbi wote ulinyamaza, nami nikamjua kila hatua. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyowaza. Alipigana na watu, wakaruka kama makapi. Watu walimzomea, na mimi moyo ulinidunda kwa fahari kama anayemwona ndugu yake.

Kisha ikaja sehemu ambayo mtoto wa fundi hakuwahi kuisimulia. Mashindano ya siku yamekwisha. Tajiri na wageni wake wamekaa ukumbini, taa zinawaka, wanakula na kucheka. Bingwa anapita nje ya dirisha lao, anazunguka uani, anainama kuingia katika chumba kidogo nyuma ya jumba. Anavua mkanda. Anapakua wali kutoka sufuria, anakaa kitandani, anakula akitazama ukuta. Anaosha bakuli, analifuta, analifunika. Basi. Hakuna muziki. Pale ukumbini watu walipiga gumzo, wengine wakatoka kununua karanga.

Baba hakutikisika. Niliona mikono yake imeibana ile kofia. Akainamisha kichwa kwangu, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, "Unaona, mama. Ndivyo ilivyo kule."

Kule ni Parklands. Sikuwa nimewahi kujiuliza baba hulala wapi au hula na nani. Nilidhani kwamba mtu anayeishi katika nyumba kubwa kama ile, yenye watu wengi na vyakula vingi, hawezi kuwa mpweke. Nilidhani mpweke ni mimi.

Mwisho ulifika. Bingwa aliutoa mkono, stelingi akaruka, na lile jitu likaanguka kwa goti moja, kisha la pili, kisha kifudifudi mbele ya lango alilolilinda. Ukumbi mzima ulisimama. Watu walipanda viti, walipiga miluzi, kofia zikaruka. Baba na mimi tulibaki tumekaa. Mbele yetu palikuwa na migongo tu.

Tulipotoka nje jua lilituumiza macho. Kituo cha basi la Uthiru kilikuwa upande wa kushoto, lakini baba aligeuka kulia. Tukatembea hadi Parklands. Kengele za hekalu zililia, na harufu ya samli na ubani ilitoka kwenye madirisha. Alinipitisha mlango wa nyuma, uani, mpaka kwenye chumba chake. Kitanda cha waya, msumari mmoja wa koti, sahani moja, kikombe kimoja. Alikuwa anawasha stovu ya mafuta ya taa wakati mama mwenye nyumba alipotokea kwenye mlango wa jikoni. Alinitazama, akamtazama baba. Nilijua baba alivyokuwa akisema siku zote: kwamba samahani, kwamba hatarudia. Safari hii alinyooka, akiwa na kiberiti mkononi.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Leo atakula hapa na mimi."

Nadhani baba alikuwa tayari kufungasha vitu vyake, na havikuwa vingi. Kisha yule mama akarudi ndani na mlango ukafungwa. Hakuna aliyetuita, hakuna aliyetufukuza. Tulikula ugali na kabichi kutoka sahani moja, kwa zamu, bila haraka. Tangu hapo, kila Jumapili yake, mimi ndiye niliyekwenda kwake. Hatukupewa ruhusa kwa maneno, ila mlango wa nyuma ulikuwa haufungwi.

Niliporudi Uthiru niliwasimulia wavulana kile kipande cha bakuli. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza mbele yao kwa muda mrefu, na Kiswahili changu cha vitabu walikivumilia. Mtoto wa fundi alisema hakumbuki kitu kama hicho, lakini akataka kuona. Basi nikawaonyesha: nikala, nikaosha, nikafunika. Walitazama mpaka mwisho. Kisha mdogo mmoja akauliza watapigana saa ngapi, nikarudi kwenye mikaratusi, na jioni ile nikaanguka.

Mchezo ule ulikufa wenyewe mwaka uliofuata, kama inavyokufa michezo, bila mtu kusema leo ni mwisho. Familia ile ya Parklands ilihamia Ulaya, baba akarudi Umaragoli. Alizeeka kati ya wajukuu. Hakukubali kuanza kula mpaka mtu mwingine akae, hata kama ni mtoto wa kutambaa. Watu waliona ni ukaidi wa uzee, nami sikuwaeleza. Tulimzika msimu wa mvua ndefu.

Nimezitafuta zile picha nne. Wajukuu zangu wamezitafuta kwenye simu zao, hazipo, au zipo kwa jina ambalo hatukulijua. Miaka michache iliyopita nilikutana na mtoto wa fundi kwenye harusi huko Mutuini. Ni mzee sasa, ana nyumba za kupangisha na goti linalomsumbua. Tulifurahi sana. Alikumbuka kila teke, hata akainuka kunionyesha moja, mke wake akamwambia akae. Nikamuuliza kuhusu Bingwa kula peke yake. Alifikiri, akasema kwa upole labda ilikuwa picha nyingine.

Sikubishana naye. Siku ile katika ukumbi wote walisimama, na waliobaki wamekaa walikuwa wawili. Mmoja yuko chini ya udongo wa Umaragoli, na mwingine ndiye huyu anayekusimulia.