Katiba ya Lambo

Nilikuwa mwalimu wa uraia pale Nangwa, niliyeapa kwamba katiba ndiyo huunganisha nchi. Basi nikaandika katiba ya lambo letu, bwawa la maji la kijiji. Wakulima na wafugaji wote wakaweka dole gumba.

Wiki haikuisha, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi yangu. Wakulima na wafugaji tukapigana kwa fimbo hadi damu ikalowesha udongo. Ghafla mzee mmoja mfugaji aling'oa nyasi mbichi, akaninyooshea. Huku kwetu, aliyeshika nyasi hapigwi. Nilijua. Nikampasua kichwa kwa mpini wa jembe.

Fimbo zote zikatulia. Kisha wafugaji na wakulima wenzangu wakanigeukia pamoja. Karatasi yangu haikuwaunganisha hata siku moja. Mgongo wangu uliwaunganisha mchana uleule.