Kompyuta Yangu Kwenye Kibanda cha Makaa

Ilikuwa wivu. Haya, nimesema. Kwa muda mrefu kila aliyeniuliza kwa nini kompyuta yangu ilikutwa imekaa katikati ya maziwa na sukuma wiki nilimwambia ni panya, au ni vumbi la Mutomo, na mara moja mbele ya padre nikasema ni ushauri wa fundi (fundi huyo hajawahi kuzaliwa), lakini ukweli ni kwamba nilimwonea Mwikali wivu, ule wivu unaokukalisha kitako ukiwa peke yako ukaanza kubishana na mtu ambaye hayupo.

Mwikali ni jirani yangu. Alistaafu mapema huko Nairobi, akarudi na kompyuta yenye ubavu wa kioo na taa za buluu ndani kama duka la simu. Yangu ni ya kijivu, ya zamani kidogo, na ndiyo niliyoandikia makala zangu zote, makala za kuwashauri watu waishi bila kujilinganisha na wenzao, ambazo hapa Mutomo hakuna aliyewahi kuzisoma. Hapo ndipo paliponiuma. Kikundi chetu cha akina mama husuka vyondo, vile vikapu vya katani, na mnunuzi mmoja alikuwa ameomba kitabu cha picha za vyondo vyetu, chenye maelezo ya kila msukaji, nami nilikitaka kitabu hicho kuliko kitu chochote, kwa sababu angalau mara moja maneno yangu yangeshikwa na mikono ninayoijua. Mwikali naye alikitaka. Ikaamuliwa kila mmoja atengeneze kurasa chache, tukutane nyumbani kwangu, tuzionyeshe kwenye televisheni, kikundi kichague.

Ningetulia na kurasa zangu, singekuwa na la kusimulia leo. Lakini Mwikali alikuja kuomba chumvi akasimama nyuma yangu, akaona pembeni mwa skrini ile namba inayoonyesha joto la chipseti (ni kichipu fulani kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kazi yake kuziunganisha sehemu za mashine zielewane).

"Sabini na sita? Mama Mutheu, hiyo unaandikia ama unapikia?"

"Ni jua tu," nikasema.

"Jua letu si moja? Yangu iko arobaini na tano. Haipandi hapo."

Akaenda na chumvi yangu. Tangu hapo sikuandika sentensi ya maana. Nilifungua ubavu wa kompyuta nikaondoa vumbi kwa brashi ya rangi, nikahamisha nyaya zilizoziba njia ya hewa, nikaielekezea feni ya mezani, feni yenyewe tuliyokuwa nayo moja (mume wangu akalala akijipepea na gazeti), na namba ikashuka hadi sabini na nne, nikafurahi, kufika saa saba mchana ikarudi sabini na sita ikakaa palepale. Nilisoma kwenye mtandao kwamba chipseti kuwa na joto kiasi hicho si ajabu na haidhuru. Sikuamini. Aliyeandika hakumjua Mwikali.

Ndipo macho yangu yakaangukia kibanda cha makaa. Kiko chini ya dirisha la sebule yangu, kuta zake ni waya wa nyavu zilizojazwa makaa katikati, na makaa hayo hulowanishwa ili hewa inayopita iwe baridi. Ni cha kikundi. Ndani huwekwa maziwa na mboga za kuuzwa sokoni, na tuna sheria moja isiyoandikwa popote: ukipita ukaona makaa yamekauka, unayamwagia maji, hata yakiwa yaliyosuuziwa mboga, kwa sababu maziwa yakiharibika yameharibika ya watu.

Nilifikiri kama msomi. Makaa yakiachwa yakauke kidogo hayatadondosha maji, lakini ubaridi utabaki. Asubuhi ya mkutano nikaibeba kompyuta hadi ndani, nikaipanga rafu ya juu karibu na mitungi ya maziwa, nikapitisha nyaya dirishani, nikashusha pazia. Namba ikaanza kushuka. Sitini na tano. Sitini. Hamsini na mbili! Nilitamani kupiga kelele.

Akina mama wakaja, wakanywa chai, Mwikali akakaa mbele kabisa. Alionyesha kurasa zake kwanza, na zilikuwa nzuri (hili pia nakiri). Zangu zilipofika niliiacha ile namba ya joto pembeni mwa televisheni, kubwa, ya kijani, eti nimesahau kuiondoa. Nikamwona Mwikali akiitazama. Nikasoma polepole, nikiipa muda.

Sasa, mwaitu Syokau (mwaitu ni mama kwa Kikamba), ambaye ndiye mkubwa wetu na mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ametoka nje kunyoosha mgongo. Nilikuwa kwenye ukurasa wake, nikisoma jinsi vidole vyake vinavyoijua katani, niliposikia kitu kama ndoo ikiwekwa chini. Pa! Televisheni ikazimika, taa ikazimika, feni ya jirani tu ndiyo ikabaki inanguruma. Mwaitu Syokau akaingia akijipangusa mikono kwenye leso, amenuna, akaniita kwa jina langu.

"Aiya, Nduku! Makaa yamekauka hivyo na maziwa ya watu yako ndani? Nimeyamwagia ndoo nzima."

"Mwaitu," nikasema, "ndoo nzima?"

"Na nyingine inakuja."

Nilikimbia. Mwenyewe ndiye niliyejichongea, kwa sababu nilipokimbia wote wakanifuata wakidhani kuna moto, na mlango wa kibanda ulipofunguliwa, kompyuta ilikuwa inachuruzika maji meusi ya makaa, jani la sukuma limeilalia kichwani. Nikachomoa waya.

"Ilikuwa inachacha?" Mwikali akauliza.

Walicheka hadi mwaitu Syokau akakaa chini. Mimi nikasema panya. Nilisema panya mara nyingi sana.

Tangu siku hiyo siulizi mtu yeyote namba za mashine yake, na mtu akianza kunitajia zake naondoka kwenda kuchungulia chungu jikoni, hata kama hakuna kilichopikwa.

Jioni hiyo simu ililia. Ni Mwikali.

"Kitabu wamenipa mimi," akasema. "Nimeona bora usikie kwangu."

"Hongera," nikasema.

"Sasa nisaidie, wewe unayajua haya. Hii namba ya chipseti ni gani? Kwangu inasema themanini na moja."

"Ulisema arobaini na tano."

"Hiyo ni ya prosesa, ule ubongo wa mashine, ndiyo iko juu kwenye orodha. Hii iko chini kabisa, sikuwa nimefika huko. Itaungua? Niiweke wapi?"

(Kibanda kilinipitia akilini. Kilipita polepole.)

"Iache hapo ilipo," nikamwambia. "Hiyo huwa na joto kuliko prosesa. Haina shida."

"Kwa hivyo hata yako haikuwa na shida?"

"Haikuwa," nikasema.