Hatua Kumi Chini ya Jeneza

Siku moja naikumbuka hadi leo, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka naona aibu. Leo nina hasira zaidi ya aibu, na aliyenitia hasira ni wewe.

Nilikuwa kijana wa shule hapa hapa Kigombe. Shule yetu ilikuwa mbali, wenzangu walikwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Mimi nikajiona mjanja. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la mkonge, basi kila asubuhi nakwea juu, nawapungia mkono wanaokula vumbi: "Haya, tutaonana huko!" Miaka miwili sikutembea hata kwenda dukani.

Akafariki babu mzaa mama, aliyenilea. Desturi yetu unaijua, maiti twambeba mabegani hadi makaburini, watu wakipokezana. Nikajitosa kwa kiherehere changu, nikatia bega. Wallahi, hazikufika hatua kumi! Pumzi zimenikatika, jeneza likaenda mrama. Mjomba yule yule wa lori akanishika ukosi.

"Toka! Utamwangusha baba yangu!"

Nikatoka mbele ya kadamnasi. Wale wale waliokula vumbi ndio waliomfikisha. Mimi nilifuata nyuma, mikono mitupu, nikilia, na sikulilia msiba peke yake.

Sasa jana nimekaa barazani, nakuona wewe, miaka kumi na sita, mzima wa afya, unaita bodaboda ikupeleke shule. Shule ambayo kengele yake naisikia nikiwa msalani! Juzi nilikutuma ndoo moja ya maji, ukapumzika mara tatu. Mara tatu! Ebo! Nilipokuuliza, ukanijibu, "Babu, zama zimebadilika." Sawa, zimebadilika. Na njia ya makaburini, nayo imefupishwa?

Usinitajie jua, mwanangu, wala begi zito. Sikubembelezi. Kuanzia kesho shuka kwenye pikipiki hiyo. Nenda shule kwa miguu, urudi kwa miguu, na jioni kacheze mpira na wenzio, simu uiache ndani. Kijana asiye na pumzi atawafaa nini watu wake siku wanapomhitaji?

Nagomba kwa kuwa nakupenda. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe miguu myepesi na kifua kisichochoka. Na siku yangu ikifika, usinifuate nyuma kama nilivyomfuata babu yangu. Njoo utie bega, unifikishe.