Kufuli Tatu Mbele, Bawaba Mbili Nyuma

Tulipofungua sanduku tulikuta magazeti na nusu tofali.

Tulikuwa wanawake kumi na wanane kwenye nyasi za mwenyekiti wa kikundi chetu cha akiba, wiki mbili kabla ya Krismasi, pilau iko motoni. Wenye funguo watatu tuliitwa mmoja mmoja, mimi wa mwisho. Kufuli yangu ilifunguka vizuri kabisa. Aliyechungulia kwanza alicheka, akadhani ni mzaha.

"Jameni, nani ameweka tofali? Leteni pesa, watu waende sokoni!"

Mimi niligeuza lile sanduku nikaangalia nyuma. Mbao zilikuwa zimeshakuwa nyeusi kwa moshi, lakini skrubu za bawaba zilikuwa mpya, zinang'aa. Mtu alikuwa amefungua bawaba, akainua mfuniko kwa nyuma, akachukua zetu, akafunga tena. Mbele tuliweka kufuli tatu. Nyuma hatukuwahi kuangalia.

Nieleze nilivyofika hapo. Wa kwanza kulaumiwa ni baba watoto, na simfichi. Alichukua pesa kwa mchuuzi wa miraa wa mji wa Maua, akanunua pikipiki, na rehani ikawa miti yetu yote ya miraa, miti iliyopandwa na babu yake. Wakaandikiana kwamba mchuuzi atachuna mpaka arudishiwe pesa zake, na zisiporudi kufikia Krismasi ya mwaka wa pili, miti ni yake kwa miaka kumi. Pikipiki haikumaliza mwaka mmoja, iliishia mtaroni. Kwetu mwanamke hakwei mti wa miraa, ni mwiko. Lakini kuukomboa nikaachiwa mimi.

Nilikuwa nauza maharagwe na ndengu soko la Mikinduri. Shule niliachia darasa la nne. Pesa zilikuwa zinapita kwangu tu: chai na mandazi, kitambaa kizuri nikikiona, shemeji akiomba nampa. Jioni nashangaa zimeenda wapi.

Ndipo mwenyekiti akaanzisha kikundi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa kuheshimiwa, anaongea polepole kama anakusomea.

"Nyinyi akina mama mnatafuta vizuri sana," alituambia. "Shida yenu ni mikono inavuja. Weka kwanza, kitakachobaki ndicho utumie."

Niliyashika maneno hayo kama dawa. Nikajiwekea sheria: kila kopo la gorogoro la kumi nikipima, bei yake si yangu, ni ya miti. Leso yangu ikawa na mafundo mawili, la kulia la kununua mali, la kushoto la sanduku, na la kushoto sifungui hata mtoto akilia. Mandazi niliacha. Shemeji nilimnyima akaninunia mpaka leo. Wenzangu sokoni walinicheka: "Huyu siku hizi anakunywa maji kama ng'ombe, ametajirika!" Mwaka mzima na nusu nilifanya hivyo. Kwa hivyo mtu asiniambie sijui kuweka. Najua.

Sanduku lilikaa kwa mwenyekiti kwa sababu nyumba yake ilikuwa na grili madirishani. Lilikuwa na kitundu juu, unatumbukiza, unaenda zako, mpaka Desemba ya mwaka wa pili. Na yeye mwenyewe alikataa kushika ufunguo. "Nisije nikashukiwa," alisema, na sisi tukampigia makofi. Kila mwezi tulikuwa tunalinyanyua wawili wawili tukisikia uzito. "Limekuwa zito, mama!" Tunashukuru Mungu. Kumbe tulikuwa tunashukuru tofali.

Siku ile tulipomgeukia, alikuwa na jibu tayari.

"Mimi sina ufunguo hata mmoja. Ningefunguaje? Waulizeni wenye funguo."

Yaani mimi. Wengine wakaniangalia kweli. Hilo ndilo siwezi kumeza. Na fundi aliyetengeneza sanduku, wakati huo ameshahamia Nairobi, alikuwa mtoto wa dada yake mwenyekiti.

Tulienda kwa naibu wa chifu. Akauliza, "Mlikuwa na risiti?" Nikamwambia sanduku halitoi risiti. Akasema, "Basi hayo ni mambo ya akina mama, malizaneni huko." Nyumbani kwake hakutoka hata kwenda kuangalia zile bawaba.

Nikaenda Maua kumwomba mchuuzi mwezi mmoja.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini karatasi ni karatasi."

"Mwezi mmoja tu, baba."

"Hata bwana yako siku ya kukopa alisema mwezi mmoja. Halafu nikamwona na pikipiki."

Nikarudi nyumbani, na baba watoto akapata la kusema: "Si wewe ndiye ulijifanya unajua kuweka?" Kwa miaka kumi nilisimama mlangoni kwangu nikitazama vijana wa mtu mwingine wakichuna miti yetu. Msichana wangu alitoka shule kidato cha pili, akaenda kuosha vyombo hotelini.

Mwaka jana nilikwenda Embu kumtazama mgonjwa, nikapita kanisa moja, nikasikia sauti naijua. Alikuwa yeye, mwenyekiti wetu, ameshika maikrofoni. Semina ya tabia njema za pesa. "Maskini wengi ni maskini kwa kukosa nidhamu," alikuwa anasema, na watu wanaandika. Niliinua mkono. Nikaambiwa maswali ni mwisho. Mwisho ulipofika alikuwa anaingia kwenye gari. Aliniona. "Aii, mama! Tumezeeka, eh? Mungu akubariki." Mlango ukafungwa.

Sasa nakuuliza wewe, Mwalimu, hapa, ambapo hutaingia kwenye gari. Usiniambie habari ya msamaha, na usimtume mchungaji. Wale kumi na wanane tumebaki kumi na mmoja. Njoo Mikinduri siku ya soko, usimame mbele yetu mchana, useme pesa zetu ulizifanyia nini, na useme kwa mdomo wako kwamba mimi sikuiba. Miaka yangu kumi ya miraa, nani atanilipa? Mwalimu, jibu.