Chambavu Kwenye Wodi ya Wanaume

Miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru nilikuwa nesi mpya Nyeri, na kofia yangu nyeupe niliipiga wanga hadi ikasimama yenyewe. Nilijiona najua kila kitu. Mimi niliyelelewa kwa maziwa na kinyesi cha ng'ombe sikutaka tena kusikia habari za ng'ombe. Nilikuwa nimesoma bwana!

Jumatatu moja asubuhi aliletwa mkulima wa makamo kutoka upande wa Othaya, amelala nyuma ya pikapu katikati ya mikebe ya maziwa, mkewe amemshikilia kichwa. Siku mbili kabla alikuwa akipunguza ua wa kayaba, mwiba ukamchoma kwenye shavu la mguu na kuvunjikia ndani. Mkewe alifanya vile ambavyo kila mtu kwetu angefanya. Alikikamua kidonda, akakipaka yale mafuta ya kulainisha chuchu za ng'ombe, akakifunga kitambaa.

Mguu ulikuwa umevimba, lakini si sana. Ngozi iling'aa, na tundu la mwiba lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Kilichonishangaza ni kelele. Shuka ikimgusa tu, mtu mzima huyo analia kama mtoto. Daktari wa mapokezi aliandika ni uvimbe wa kidonda, apigwe sindano za penisilini. Nami, kama nilivyofundishwa, nilichukua kalamu nikachora mstari mahali uvimbe ulipoishia. Uvimbe ukivuka mstari, unamwita daktari mbio.

"Nesi, mguu hii msikate," akaniambia kabla sijatoa sindano. "Niko na ng'ombe saba na shamba iko kwa mteremko. Mtu wa mguu moja atapanda huko aje?"

"Nani ametaja kukata?" nikamjibu kwa ukali, maana nilikuwa na ulimi siku hizo.

Sasa, Jumatatu ilikuwa siku ya daktari mkuu wa upasuaji kuzunguka wodi. Sista wetu, msimamizi wa wodi, mama mwenye macho ya mwewe, alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: daktari hapokewi na mgonjwa mchafu. Kwa hiyo saa mbili kabla ya daktari kufika tulikuwa tukikimbizana na mabeseni. Maji moto, sabuni ya dawa, kitambaa, sugua! Shuka zinavutwa mpaka hazina kunyanzi, viatu vinapangwa chini ya vitanda kama askari wa gwaride. Mimi nilikuwa bingwa. Niliwahi kuwaogesha wanaume wanane huku mwenzangu yuko wa tano.

Nilipofika kitanda cha kumi na moja nilimsugua yule mkulima kuanzia shingoni hadi nyayoni. Naam, na mstari wangu nikausugua, kwa mkono wangu mwenyewe, mpaka ukatoka wote. Sikuufikiria hata kidogo. Nilichofikiria ni kwamba halii.

"Maumivu yameenda wapi?" nikamwuliza.

"Yameisha," akasema akitabasamu, midomo imekauka. "Nasikia nafuu. Hata hiyo mguu siisikii."

Nilifurahi kama mjinga! Nilimgeukia mkewe, nikamwambia dawa imefanya kazi, aende nyumbani akakamue ng'ombe wake. Mkewe hakuinuka. Alifunua shuka niliyokuwa nimeinyoosha kwa jasho langu, akaanza kuubonyeza mguu polepole kwa vidole, akishuka, akipanda. Kisha akasimama mahali pamoja.

"Nesi, kuja ushike hapa."

"Mama, niko na kazi."

"Shika!"

Nikashika. Chini ya vidole vyangu ngozi ililia. Ilikwaruza na kupasuka-pasuka kama maganda makavu ya mahindi yakikanyagwa, na maganda hayo yalikuwa ndani ya mguu wa mtu aliye hai.

"Hii ni chambavu," yule mama akasema. "Iliniulia ndama mwaka jana. Paja ilivimba, ikalia hivi, alafu ndama ikatulia. Tukasema ati imepona."

"Chambavu ni ya ng'ombe, mama."

"Ng'ombe haiwezi kukuambia imepata nafuu. Ndio maana sisi tunaishika."

Niliushika mkono wa mgonjwa. Mshipa ulikuwa ukikimbia hata nikashindwa kuuhesabu. Hapo somo lote la nyama inayooza ndani likanirudia kwa mpigo mmoja: hewa ndani ya nyama, maumivu makali yanayozidi kidonda, kisha ganzi. Hiyo ganzi ndiyo niliyokuwa nimeishangilia! Mguu wa mtu ulikuwa unakufa mbele yangu, nami namkunjia shuka.

Nilikimbia. Nesi hakimbii wodini, lakini mimi nilikimbia, nikakutana na daktari mkuu mlangoni na msafara wake wote. Alikuwa anaanzia kitanda cha kwanza, kama kawaida.

"Daktari, njoo kumi na moja! Ngozi inalia!"

Sista aliniangalia kwa macho ya kuniua. Daktari akanifuata. Alibonyeza mara moja tu, uso wake ukabadilika.

"Asubuhi uvimbe uliishia wapi?"

"Nilichora mstari."

"Uko wapi?"

"Nimeuosha."

Nilitamani ardhi inimeze. Ni yule mama aliyeniokoa. Aliweka kiganja katikati ya shavu la mguu wa mumewe. "Alfajiri nikipaka mafuta, ilikuwa imefika hapa." Kisha akakipandisha, polepole, hadi vidole viwili chini ya goti. "Sasa iko hapa."

Daktari alimwinamia mgonjwa akamweleza kwa Kiswahili rahisi: anampasua sasa hivi, anatoa nyama yote iliyooza. Kama ugonjwa haujafika goti, atauacha mguu. Kama umevuka goti, atakata mguu wote ili mtu apone. Mkulima alimtazama mkewe.

"Weka kidole," mkewe akasema. Mumewe akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa.

Niliomba kuingia naye, na sista, sijui kwa nini, akakubali. Ngozi ilipofunguliwa harufu ilitupiga sote puani. Maji ya kijivu yalitoka, kama maji ya kuoshea sufuria, yana mapovu. Nyama ilikuwa na rangi ya nyama iliyochemshwa. Daktari anaibana kwa koleo: haishtuki. Anaikata: haitoi damu. Basi anaitupa kwenye beseni na kupanda juu kidogo. Anabana. Kimya. Anakata. Hakuna. Nikawa nahesabu vidole vilivyobaki kufika goti. Viwili. Kimoja na nusu. Kimoja.

Akabana, na nyama ikaruka! Akaikata, damu ikachuruzika nyekundu, nzuri, nzuri kabisa!

"Damu!" nilipiga kelele pale ndani, na hakuna aliyenikemea, maana daktari mwenyewe alikuwa anacheka nyuma ya kitambaa chake cha uso.

Hatukukishona kidonda. Kiliachwa wazi, kirefu na chenye kina, na penisilini tulimpiga kila baada ya saa nne hadi makalio yakakosa nafasi. Kesho yake alirudishwa chumba cha upasuaji, na keshokutwa tena, kila mara na hofu ileile ya goti. Mara ya tatu daktari hakupata kipande cha kukata. Nilitoka kumwambia yule mama, ambaye hakuwa amekwenda nyumbani hata mara moja, lakini hakuningoja nimalize.

Akaingia mwenyewe. Mumewe alikuwa akiamka, ulimi mzito, mkono unapapasa kwenye shuka bila kufika.

"Mguu iko wapi? Mumeikata?"

Mkewe alivuta shuka yote chini, akainua kisigino cha mumewe kwa mikono miwili ili akione, akamwambia, "Sukuma." Tulingoja. Kidole gumba cha mguu kikasogea, kidogo tu, kisha kikasogea tena. Yule mama akakiweka kile kisigino shavuni pake, akalia kwa sauti, na mimi na kofia yangu ya wanga nikapiga magoti upande wa pili wa kitanda, nikalia naye.